Shinikizo la Hema: Waokaji wa Nyumbani Mbele ya Kamera

Jioni ya tarehe 27 Agosti 2014, mamilioni ya watu nchini Uingereza walikuwa mbele ya televisheni wakimtazama Iain Watters, mhandisi wa ujenzi, akifungua aiskrimu yake. Kazi waliyopewa washiriki siku hiyo ilikuwa Baked Alaska: keki chini, aiskrimu juu yake, kisha ute wa mayai uliopigwa pamoja na sukari unapakwa kuzunguka kila kitu, na chote kinachomwa kwa moto mkali wa muda mfupi ili nje paive na ndani pabaki barafu. Ni kitindamlo kigumu hata jikoni penye baridi. Siku ile hema lilikuwa limepata joto, na friza zilikuwa zikitumiwa kwa pamoja.

Aiskrimu ya Iain, ya ufuta mweusi, ilikataa kuganda. Alipoitoa kwenye ukingo wake wa bati ilimwagika pembeni. Akaitazama, akahangaika nayo kidogo, kisha akaibwaga yote kwenye pipa la taka na kutoka nje. Ulipofika wakati wa kuonja alirudi, akalibeba pipa lenyewe hadi mezani kwa majaji, Paul Hollywood na Mary Berry. Hakuwa na kitu kingine cha kuwaonyesha. Akaondolewa kwenye shindano.

Ndipo kelele zikaanza. Katika picha zilizorushwa, mshiriki mwenzake, Diana Beard, aliyekuwa na umri mkubwa kuliko wote, alionekana kuwa ndiye aliyeitoa aiskrimu ya Iain kwenye friza. Sue Perkins, mmoja wa watangazaji, alijaribu kuwatuliza watu kwa kuandika Twitter kwamba ilikaa nje kwa sekunde 40 hivi tu. Hakuna aliyetulia. Malalamiko zaidi ya 800 yalifika kwa wahusika, na Newsnight, kipindi cha BBC kilichozoea mawaziri na vita, kikamwita Iain studio azungumzie kitindamlo chake. Wiki iliyofuata Diana hakuwepo. Alikuwa ameanguka, akaumia kichwa na kupoteza uwezo wa kunusa na kuonja, na akajiondoa. Ajali hiyo ilitokea wakati wa kurekodi, wiki nyingi kabla ya taifa kumkasirikia, lakini waliokuwa wakimtukana mtandaoni hawakulijua hilo wala hawakuuliza.

Kipindi hicho ni The Great British Bake Off, na kinafaa kutazamwa kwa makini na kila anayefikiria nini humpata mtu wa kawaida akiwekwa mbele ya kamera kufanya jambo analolipenda. Kilianza Agosti 2010 kwenye BBC Two, kimetengenezwa na kampuni ya Love Productions, kikiwa na washiriki 10 na watazamaji kati ya milioni 2 na 3. Msimu wa kwanza hema lilihamishwa kila wiki kutoka mji mmoja hadi mwingine. Baadaye likatulia kwenye viwanja vya majumba ya mashambani, na tangu 2014, ukiacha kipindi cha korona, limekuwa Welford Park, Berkshire. Mwaka 2015 fainali yake ilitazamwa na watu wapatao milioni 15 wakihesabiwa na waliorekodi na kuitazama baadaye. Hakuna kipindi kingine kilichotazamwa zaidi Uingereza mwaka huo.

Jambo la kwanza linalowashangaza wageni ni zawadi. Mshindi wa MasterChef ya Australia amekuwa akiondoka na dola 250,000 za nchi hiyo. Mshindi wa Bake Off hupewa sahani ya kioo ya kuwekea keki, iliyochorwa maandishi, pamoja na shada la maua. Hakuna fedha. Na bado watu wazima, madaktari, walimu, wajenzi, wanafunzi, mabibi wenye wajukuu, wamelia ndani ya hema lile kwa sababu ya mkate usioumuka.

Wanaosema "ni keki tu" hawajaelewa kinachopimwa. Mtu anayeoka nyumbani haoki ili alipwe. Anaoka kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya mwanawe, msiba wa jirani, sikukuu, harusi ya binamu. Sifa yake ipo midomoni mwa watu wanaompenda: keki ya fulani haina mfano. Halafu siku moja anaikata keki ileile mbele ya mgeni ambaye hamjui, mwenye kisu mkononi, anayebonyeza kwa kidole gumba na kusema haijaiva katikati. Kilichokuwa heshima ya nyumbani kinavuliwa hadharani, naye anatakiwa aseme asante.

Ratiba yenyewe haimhurumii mtu. Kwa kawaida kurekodi hufanyika wikendi, karibu wiki 10 mfululizo, kuanzia majira ya kuchipua. Jumamosi wanaoka mapishi yao wenyewe, kisha wanaingia jaribio la ufundi ambalo hawajui litakuwa nini. Jumapili ni ile kazi kubwa ya kuonyesha uwezo, inayoweza kuchukua saa nne au tano. Jumatatu kila mmoja anarudi kazini kwake, na jioni akitoka kazini anaanza mazoezi ya wikendi inayofuata, kwa sababu mapishi yake lazima yawe yameshapelekwa kwa watayarishaji ili viungo vinunuliwe. Kwa siku mbili za kurekodi washiriki huvaa nguo zilezile, ili wahariri waweze kuunganisha picha bila mtazamaji kugundua. Shati la jana lenye jasho na unga ndilo la leo.

Na kazi haifanywi kwa utulivu. Mtu anapima gramu za sukari, mara anasimamiwa na kamera, na mtayarishaji anamuuliza: unafanya nini sasa, na unajisikiaje? Anatakiwa ajibu kwa sentensi kamili huku akikumbuka kama ameshaweka chumvi. Waliowahi kushiriki wamesema mara nyingi kwamba hapa ndipo makosa ya ajabu huzaliwa. Mtu aliyeoka miaka 20 bila kusahau sukari anaisahau siku hiyo.

Jaribio la ufundi lina ukali wa aina yake. Washiriki wote wanapewa viungo vilevile na karatasi ileile ya maelekezo, lakini maelekezo yamekatwakatwa. Mahali ambapo kitabu cha mapishi kingeandika nyuzi joto na dakika, karatasi inasema tu: oka. Majaji wanatolewa hemani. Wakirudi, wanakuta vyakula vimepangwa mstari mmoja juu ya kitambaa cha miraba, kila kimoja nyuma ya picha ya aliyekioka, picha zikiwaelekea waokaji ili majaji wasizione. Waokaji wameketi kwenye viti mkabala, kimya, wakisikiliza wanavyosemwa. Kisha majina yanatajwa kuanzia wa mwisho kwenda wa kwanza.

Lakini adui mkubwa ndani ya hema ni hali ya hewa, na hapa ndipo msomaji wa Tanga, Mombasa au Zanzibar atawaelewa kuliko Mwingereza aliyekaa sebuleni kwake. Siagi huanza kulegea mapema sana, na kwenye nyuzi 32 hadi 35 imeshayeyuka. Anayetengeneza kroasoni anakunja siagi baridi ndani ya unga, anasukuma, anakunja tena, ili oveni ikichemsha maji yaliyomo, mvuke utenganishe matabaka. Siagi ikilainika katikati ya kazi inaingia ndani ya unga, na matabaka hayapo tena. Chokoleti nyeusi inayotakiwa ing'ae na kuvunjika kwa mlio inayeyushwa hadi nyuzi 45 au zaidi, inapozwa hadi 27 au 28, inapandishwa tena hadi 31 au 32. Ikizidi hapo, inakauka na madoa meupe. Sukari inayopikwa iwe karameli hupita kwenye rangi ya dhahabu kwa sekunde chache tu kabla haijawa chungu. Hamira nayo hukimbia kwenye joto, ikaumua unga kabla ladha haijakomaa.

Haya yote yanataka muda usiojadilika. Anayepika mchuzi anaonja, anaongeza chumvi, anapunguza moto, anaokoa. Keki ikishaingia kwenye oveni mwokaji hana la kufanya. Hawezi kuonja, hawezi kuongeza, na akifungua mlango mapema inazama. Ndiyo maana picha inayojirudia kila msimu ni ya mtu mzima aliyeketi sakafuni, magoti yamekunjwa, uso karibu na kioo cha oveni, akitazama. Hakuna sehemu ya kipindi inayosema ukweli zaidi kuliko hiyo. Kwa dakika zile ujuzi wake wote umeshatumika, na kilichobaki ni kungoja huku sauti ikitangaza kwamba zimesalia dakika 30.

Mwaka 2013 Deborah Manger alichukua kimakosa kastadi ya mwenzake, Howard Middleton, akaimimina kwenye kitindamlo chake. Alipogundua alikuwa ameshamaliza, na haikuweza kurudishwa. Alifadhaika kuliko aliyechukuliwa. Majaji wakaonja kila kazi wakijua kastadi ipi ni ya nani, na shindano likaendelea. Hakuna aliyemdhania nia mbaya, kwa kuwa alilisema mwenyewe palepale. Tukio hilo na lile la friza yanafanana: watu wengi, vifaa vya kugawana, saa inayokimbia, akili iliyochoka.

Wanasaikolojia wana maelezo kwa nini mkono uliozoea unakosea mbele za watu. Mwaka 1908 Wamarekani wawili, Robert Yerkes na John Dodson, walionyesha kwa majaribio ya panya kwamba msisimko husaidia kujifunza hadi kiwango fulani, kisha huharibu, na kwamba kazi ikiwa ngumu kiwango hicho hufikiwa mapema. Karibu karne moja baadaye Sian Beilock, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeandika kitabu Choke mwaka 2010, alichunguza wachezaji gofu wazoefu na kukuta kwamba wakitakiwa kufuatilia kwa makini kila hatua ya pigo lao, wanacheza vibaya zaidi. Jambo ambalo mwili umeshalijua huvurugika likisimamiwa na akili. Basi tazama anayebana mfuko wa krimu kupamba keki. Nyumbani kwake mkono unajiendea wenyewe. Hemani anautazama mkono, kamera inautazama, anafikiria kamera inavyoutazama, na mstari unatetemeka.

Fainali ya 2018 ilikuwa na mfano ambao hakuna mwandishi wa tamthilia angethubutu kuubuni. Rahul Mandal, mtafiti aliyetoka India na kufanya kazi Sheffield, mtu wa aibu aliyekuwa akijisahihisha kabla hajakosolewa, alikuwa akijiandaa kwa kazi ya mwisho wakati chupa kubwa ya kioo ilipopasuka kwa joto juu ya meza yake. Vipande vya kioo vilisambaa kila mahali. Kila kilichokuwa kimeanza kupimwa ikabidi kitupwe, meza ikasafishwa, na watayarishaji wakamwongezea dakika 15. Akashinda. Wapo watazamaji waliolalamika kwamba dakika zile zilimbeba. Ni malalamiko yasiyo na haki. Wapimaji wa haki wangekumbuka kwamba alipoteza viungo, mpangilio na utulivu wake wakati wenzake wanaendelea, na dakika 15 hazirudishi utulivu wa mtu aliyeona kioo kikilipuka mbele yake.

Kuna jambo lililotokea mwanzoni kabisa ambalo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndilo lililokifanya kipindi kiwe hivi kilivyo. Msimu wa kwanza ulipokuwa ukirekodiwa, watangazaji Mel Giedroyc na Sue Perkins waliacha kazi na kutoka. Perkins alieleza miaka mitatu baadaye kwamba kamera zilikuwa zikisogezwa nyusoni mwa waokaji ili walie, wakiulizwa habari za ndugu waliofariki. Wao wawili walikataa kushiriki. Yakafanyika mazungumzo makali, na mtindo ukabadilika.

Hawakuishia hapo. Mshiriki akianza kulia, wawili hao walimkimbilia na kumfunika kwa makoti yao, au walisimama karibu naye na kuporomosha matusi mazito, wakijua kwamba picha zenye maneno hayo haziwezi kurushwa. Ilikuwa mbinu ya watu wanaoijua televisheni kutoka ndani. Hawakuwa na mamlaka juu ya chumba cha uhariri, lakini walijua kipi kitamlazimisha mhariri aitupe picha. Mtazamaji nyumbani hakuona lolote. Aliona tu kipindi chenye upole, akadhani upole huo umetokana na keki.

Haukutokana na keki. Ulitokana na watu wawili waliohatarisha kibarua chao. Septemba 2016 Love Productions ilipokihamishia kipindi Channel 4 kwa mkataba uliotajwa kuwa wa pauni milioni 75 kwa miaka mitatu, Mel na Sue walikataa kuhama, na Mary Berry naye akabaki BBC. Paul Hollywood peke yake ndiye aliyekwenda. Kwa bahati njema mtindo uliokwisha kujengwa uliendelea hata baada ya waliojenga kuondoka, na hadi leo mshiriki aliyemaliza mapema huonekana akikimbilia meza ya jirani kumsaidia kunyanyua keki isianguke, ingawa jirani huyo ndiye anayeweza kumtoa.

Shinikizo ambalo hata Mel na Sue hawakuweza kulifunika kwa koti ni lile linalokuja baadaye. Kurekodi kunakwisha miezi kadhaa kabla ya kurushwa. Mshindi anatangazwa kwenye bustani mbele ya familia yake, kisha wote wanatakiwa wafunge mdomo hadi fainali ionyeshwe. Anarudi kazini, wenzake wanamuuliza anaendeleaje, anatabasamu. Wiki baada ya wiki anajitazama akikosea upya, safari hii akiwa na taifa zima pembeni na simu mkononi.

Ruby Tandoh alifika fainali ya 2013 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini London, na alikuwa na tabia ya kuidharau kazi yake mwenyewe kabla majaji hawajaionja. Watazamaji wakaamua kwamba anajifanya mnyonge. Wengine wakadai kwamba anamrembua jaji ili apite. Baada ya fainali aliandika makala katika gazeti la The Guardian akipinga chuki dhidi ya wanawake iliyojificha ndani ya maneno hayo, na alikuwa sahihi kabisa. Fainali ile ilikuwa ya wanawake watatu, na kila mmoja alipata fungu lake: huyu analia sana, huyu anajiamini kupita kiasi. Ilipofika 2020, msimu ulirekodiwa washiriki wakiwa wamefungiwa kwenye hoteli moja huko Essex kwa sababu ya korona. Laura Adlington akapita kuingia fainali badala ya mwenzake ambaye watazamaji walimpenda zaidi, na matusi yaliyomfuata mtandaoni yalikuwa mengi kiasi kwamba Hollywood alijitokeza kumtetea, akikumbusha kwamba waliotoa uamuzi ni majaji na wala si yeye.

Halafu yupo Nadiya Hussain, mshindi wa 2015, mzaliwa wa Luton mwenye wazazi kutoka Bangladesh, mama wa watoto watatu, aliyeingia hemani akiwa amevaa hijabu. Mumewe ndiye aliyemsukuma aombe nafasi. Hakuanza vizuri. Kuna wiki ambayo vikombe vyake vya matabaka vilimharibikia, akarudia upya, na muda ukaisha hajavijaza, akavipeleka mezani vikiwa vitupu. Kwenye fainali aliamua kuoka keki ya harusi kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na keki siku aliyoolewa, akaipamba kwa vitambaa vya sari vyenye rangi nyekundu, nyeupe na buluu. Mwaka uliofuata alioka keki ya machungwa kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya Malkia Elizabeth alipotimiza miaka 90.

Kilichokuja kujulikana baadaye ni kwamba mwanamke huyo aliyepambana na saa mbele ya mamilioni alikuwa akiishi na ugonjwa wa hofu ya ghafla tangu utotoni. Mwaka 2019 alitengeneza filamu ya BBC kuhusu hali hiyo, Nadiya: Anxiety and Me, akionyesha matibabu yake bila kujificha. Amewahi pia kusimulia matusi ya kibaguzi aliyoyapata baada ya umaarufu. Aliyeona tabasamu lake na ile nyusi iliyokuwa ikipanda na kushuka hakuwa na namna ya kujua uzito aliokuwa ameubeba hadi pale mezani. Kila mshiriki ana uzito wake ambao kamera haiuoni, na hilo peke yake lingetosha kumfanya mtazamaji apunguze ukali wa kidole chake kwenye simu.

Serikali ya Uingereza na vyombo vyake walichelewa kulielewa hili. Ilibidi yatokee mabaya zaidi katika vipindi vya aina nyingine. Mwezi Mei 2019 kituo cha ITV kilikifuta kipindi cha The Jeremy Kyle Show, baada ya kifo cha mtu aliyekuwa amerekodiwa humo muda mfupi kabla. Tarehe 5 Aprili 2021 Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji, ilianza kutumia kanuni mpya: kituo lazima kichukue uangalifu wa kutosha juu ya hali ya mtu anayeweza kudhurika kwa kushiriki kipindi, na mtu huyo aelezwe mapema hatari zinazoweza kumfika, pamoja na kile kitakachofanywa kumpunguzia. Katika Bake Off, wanaokaribia kuchaguliwa huzungumza na mwanasaikolojia kabla hawajakubaliwa. Waokaji wenyewe nao huunda makundi ya WhatsApp ambayo hudumu kwa miaka, wakijuliana hali kila kipindi kinaporushwa.

Mtindo huu umeshasambaa. Ufaransa wana Le Meilleur Pâtissier, Afrika Kusini wana toleo lao, na Kenya imewahi kurusha The Great Kenyan Bake Off. Soko lipo pia. Kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam, kina dada na kina kaka wanaooka majumbani wanapokea oda za keki za harusi, sendoff na kipaimara kupitia Instagram na WhatsApp, na wengine kazi zao ni nzuri kuliko za maduka makubwa. Kila mmoja wao anajua maana ya kubeba keki ya ghorofa tatu ndani ya teksi isiyo na kiyoyozi kwenda ukumbini mwezi wa Januari. Siku wakiitwa kwenye shindano la televisheni watakwenda, na wataoka vizuri.

Wasiwasi upo kwa watakaowaita. Kwa miaka mingi vipindi vya kusaka vipaji katika ukanda huu vimependa kukitangaza kipande cha yule aliyeshindwa kuliko cha yule aliyeweza. Kijana anaimba vibaya, majaji wanacheka, na kipande hicho kinazunguka kwenye simu hadi kijijini kwao. Mwokaji ana hatari zaidi ya mwimbaji, maana keki ndiyo riziki yake. Picha moja ya keki iliyoporomoka, ikiwekewa muziki wa kuchekesha, inaweza kumfutia oda za mwaka mzima, na mkataba aliousaini haumpi haki yoyote ya kuizuia.

Kwa hiyo watayarishaji wanaofikiria kuleta shindano la kuoka Afrika Mashariki waanze na mambo ambayo Uingereza iliyajua kwa kuchelewa. Waandike ndani ya mkataba kwamba machozi hayatafutwi. Watenge fedha za mshauri nasaha, kabla ya kurekodi na katika wiki zote za kurusha. Wampe kila mwokaji friza yake, oveni yake na muda unaolingana na joto la mahali, kwa sababu siagi ya Mombasa haitangoja ratiba iliyopangwa kwa ajili ya Berkshire. Mamlaka za utangazaji, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na TCRA ya Tanzania, zina uwezo wa kuweka kanuni za kuwalinda washiriki bila kungoja msiba uzilazimishe. Na wewe mtazamaji, mshiriki usiyempenda akipita wiki hiyo, usimtafute mtandaoni. Waandikie waliotoa uamuzi, ambao wanalipwa kwa kazi hiyo.